Kilio cha Jumamosi Thelathini na Sita

Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, Louise Mushiya alikuwa anaonja chumvi ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, katika sufuria ya tatu. Mdogo wake Ernestine akapiga simu kutoka Mutshatsha, akasema mama yao, Mama Ngalula, amekufa.

Louise akafunika sufuria, akauliza amekufa saa ngapi.

"Saa moja, yaya," Ernestine akamjibu dada yake. "Nimemuosha, nimemufunga kitambaa ku kidevu. Sasa amekataa kulala. Anasema anakuya kwako."

"Anakuya na nini?"

"Na kamyo ya makala."

"Jumanne haiko siku yake," Louise akasema, akakata simu. Sahani mia tatu na ishirini zilikuwa zinamngoja.

Jiko lake lilikuwa mtaani Manika, nyuma ya ukuta wa matofali. Kutoka hapo alilisha wafanyakazi wa mgodi mmoja wa shaba nje ya Kolwezi, siku saba kwa juma, na chakula kilitakiwa kufika getini saa sita kasoro robo. Siku tatu mfululizo bila chakula, mkataba unavunjika. Miaka miwili nyuma kazi hiyo ilikuwa karibu kumuua. Alilala juu ya magunia ya unga, na mtoto wake wa mwisho alimkimbia kama mgeni. Halafu akaenda kwenye mafunzo ya wafanyabiashara katika ukumbi wa hoteli. Bwana mmoja mwenye tai aliwaambia kwamba kazi na nyumba ni wake wenza: usipowagawia zamu, watachomana visu na wewe uko katikati.

Louise alirudi akaandika zamu ukutani kwa rangi ya mafuta, kwa sababu chaki inafutika. Kila jioni saa moja ya masomo ya watoto. Jumapili saa tisa hadi saa kumi na mbili ilikuwa ya mume wake Mukuna, dereva huko Fungurume. Jumamosi saa nane hadi saa kumi: wagonjwa, harusi, vilio. Na tuseme kweli, mpango ulifaa. Watoto walipata mama, Mukuna alipata mke, Louise alipata usingizi na mashavu.

Mama Ngalula alifika Jumatano mchana. Dereva wa lori alikuwa amemkalisha mbele, maana mfu hawekwi juu ya makaa, lakini pindo la nguo yake lilikuwa jeusi hata hivyo. Kitambaa cheupe kilipita chini ya kidevu na kufungwa utosini. Wapishi wakamwambia pole na safari, wakamletea kiti cha plastiki.

"Umekuya kunizimisha moto," Louise akasema.

"Siku tatu tu." Mama aliongea kwa meno, kwa sababu ya kitambaa.

Ndivyo ilivyo katika ukoo wao. Mtu akifa, binti yake wa kwanza anazima moto wake, anakaa juu ya mkeka siku tatu, na majirani ndio wanampikia. Moto ukiwaka, maiti haiingii udongoni. Na haisaidii kumpa mwingine mwiko: sufuria zikiwa za binti, moto ni wa binti.

Louise akatoa simu, akapiga hesabu.

"Siku tatu ni saa makumi saba na mbili. Mi niko na saa mbili kila Jumamosi. Jumamosi makumi tatu na sita, tumemaliza kilio chako chote, hata dakika moja haitapotea."

"Kilio hakikatwake kama mukate."

"Kila kitu kinakatwaka, mama."

"Siku ya kukuzaa ulinipasua. Leo unanikatakata."

"Na we uliniachaka Kisenge kwa shangazi miaka sita, juu ya biashara yako ya mihogo. Ulikuyaka kuniona siku gani? Niambie siku moja tu."

Mama Ngalula akavuta kiti chake kivulini. 

Ijumaa Ernestine akafika kwa miguu kutoka stesheni, na mkeka begani. Hakumsalimia dada yake. Alisema jambo ni jepesi: sufuria zote apewe Huguette ziwe zake, yule mama wa mtaa wa pili aliyekuwa anautaka mkataba ule tangu zamani. Huguette apike siku tatu, mama azikwe, sufuria zirudi.

"Huguette akizishika siku tatu, hazitarudi," Louise akasema.

"Basi zisirudi. Huyu ni mama."

"We unasema hivi juu we huna kitu cha kunyang'anywa."

"Niko na aibu, yaya. Ile njo kitu yangu."

Jumamosi ya kwanza walifunga barabara kwa turubai, wakapanga viti na jeneza. Saa nane kasoro dakika tano Louise akamwagia maji majiko yote saba. Mama Ngalula akalala juu ya mkeka, akafumba macho, akawa baridi na mgumu, na nzi wakaja. Wanawake wakalia vizuri. Tata Kalombo, mtani wa ukoo, ambaye kazi yake kwa desturi ni kumtukana marehemu mpaka apewe kuku, akasimama kichwani pake.

"Ngalula, mwizi wa chumvi! Hata kaburi limekukataa? Limeona hayo meno, limekimbia!"

Watu wakacheka, Ernestine pia. Saa kumi kamili mama akaamka, nzi wakaondoka, na Louise akawasha moto kwa ajili ya maharage ya Jumapili.

Kati ya Jumamosi na Jumamosi Mama Ngalula hakula na hakulala, kwa hiyo Louise alimpa vitunguu. Alimenya gunia zima kwa siku bila kufuta macho, maana macho ya mfu hayana maji. Badibanga, msimamizi wa chakula wa mgodi, alipokuja kukagua jiko aliuliza kama bibi huyu ana karatasi ya daktari.

"Iko ya kifo," Louise akasema.

Badibanga akaisoma, akaona mhuri ni wa mwaka huu, akaandika kwamba wafanyakazi wote wana karatasi. Aliagiza tu avalishwe glavu na wavu wa nywele, wavu ukapita juu ya fundo la kitambaa.

Jumamosi ya sita viti vya kilio vilibaki kumi na viwili. Ya tisa, Tata Kalombo alikuja, akasema matusi yake yamekwisha. Alikuwa amemtukana Ngalula mpaka utoto wake, mpaka mbuzi wa baba yake, hakuna kilichobaki. Alirudisha kuku wa nane, akaenda. Ya kumi na nne alibaki Ernestine peke yake. Naye baada ya kulia saa zake mbili alijifuta uso, akamwambia Louise:

"Siku yako ya kufa, mi nitapika. Nitasonga bukari kubwa, nitakula nikikuangalia."

"Andika siku, nijue," Louise akasema.

Ernestine akarudi Mutshatsha na mkeka akauacha.

Ilipofika ya ishirini, mama alianza kuwa mzito. Alipotembea jikoni sakafu ya simenti ilipasuka nyuzi nyembamba chini ya nyayo zake, na wapishi wakawa wanapita kando.

"Udongo unaniita," akamwambia Louise. "Kila siku unanivuta miguu. Simenti yako iko katikati."

"Vumilia, mama. Tumepita nusu."

"Unanichukia juu ya nini, Louise?"

Louise alikuwa anapanga vifuniko. Alivipanga vyote kwa ukubwa wake kabla ya kujibu.

"Nikikuchukia ningekupa saa mbili zangu?"

Jumamosi ya ishirini na tatu waandaaji wa mafunzo walimwita Louise kwenye ukumbi ule ule atoe ushuhuda, saa nane kamili. Hakufuta kilio. Alizima moto, akampakia mama na mkeka kwenye gari, na wakati watu wanatafuta viti mama akalala nyuma ya ukumbi, karibu na meza ya fanta. Moto ulikuwa umezimwa na binti alikuwa ndani ya chumba, kwa hiyo ilihesabika. Waliokwenda kuchukua soda walivuka miguu ya marehemu kwa adabu, na mama mmoja akaondoa nzi kwa karatasi ya ratiba.

Louise aliongea vizuri. Alieleza masomo ya watoto, Jumapili ya Mukuna, na jinsi alivyogawa kilio bila kupoteza mkataba. Walimpigia makofi. Kisha Samy Ntambwe, kijana mwenye magari ya kuuza maji, akainua mkono.

"Mama Louise, mi niko na baba. Angali muzima, lakini anagonjwa sana. Nimuandike siku gani?"

"Magari yako yanapumzikaka lini?"

"Alhamisi, asubuhi."

"Muandike Alhamisi asubuhi."

Samy akaandika, na watu wa mstari wa mbele pia wakaandika.

Saa kumi mama akaamka, akakunja mkeka mwenyewe, wakatoka. Kwenye maegesho lami ilibonyea chini yake kama bukari ya moto.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Basi tuonane Jumamosi."

"Jumamosi inayokuya iko harusi ya mutoto wa Badibanga," Louise akasema, akitafuta funguo. "Ni saa zile zile. Na ile ya nyuma yake, shangazi wa Mukuna iko hospitali."

Mama Ngalula akafungua mlango wa nyuma, akaingia kati ya sufuria. Gari likainama upande wake. Louise akawasha injini, na mama akaweka mkono juu ya kifuniko kikubwa ili kisigonge njiani.