Kidole Gumba cha Dobi

Tiketi yao ilikuwa namba mia moja na kumi na nne, na kibao chekundu juu ya dirisha la saba la ofisi ya usajili kilikuwa kimeganda kwenye sitini na mbili tangu saa mbili asubuhi. Binti alikikodolea macho mpaka yakaanza kumwuma. Kando yake, kwenye benchi la chuma, mama yake alikuwa amevua viatu. Miguu ilikuwa imevimba ikang'aa, na ukiibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Mkunga," mama aliita. Alimwita hivyo tangu barua ya kazi ilipofika, ingawa binti hakuwa amezalisha mtu yeyote nje ya mafunzo ya chuo. "Hicho kibao kimekufa, au kinatutania?"

"Kinatutania, mama."

"Basi nacho ni mtumishi wa serikali."

Watu wa benchi la mbele wakacheka. Binti hakuweza. Mama yake alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kwa kadi ya serikali. Juzi Jumatatu muuguzi aliingiza kadi kwenye mashine, kioo kikaandika neno moja: IMEFUNGWA. Wakarudishwa nyumbani. Daktari alimvuta binti pembeni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa akikosa na Alhamisi, yeye hawezi kumhesabia siku. Leo ilikuwa Jumatano.

Na aliyesababisha kadi ile ifungwe alikuwa yeye mwenyewe.

Mama yake alikuwa dobi. Miaka arobaini alifua mashuka ya nyumba za wageni kwa magadi na dawa ya kung'arishia, mpaka ncha za vidole vyake zikawa laini kama kijiko. Siku walipokuja kumwandikisha kwa ajili ya kadi, miaka miwili iliyopita, mashine haikuona kitu. Walimfuta vidole, wakampaka mafuta, wakamwambia abonyeze kwa nguvu, abonyeze taratibu, apumulie. Taa ikabaki nyekundu. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika getini, watu wameanza kuguna.

Karani wa siku ile, mzee mmoja mpole, alishusha pumzi. Akageuza kiti chake akawa anatazama kalenda ukutani.

"Mimi nasoma tarehe," alisema. "Nikigeuka nikute kijani."

Binti alielewa. Baadaye alikuja kujua kwamba wafinyanzi na wapiga matofali nao walipitishwa hivyo hivyo, kila mmoja kwa kidole cha mwanawe au cha mkwewe. Akaweka gumba lake. Taa ikawa kijani. Tangu hapo, kila Jumatatu na kila Alhamisi, aliingia kliniki amemshika mama yake mkono, na ilipofika zamu ya mashine, ni gumba lake lililobonyeza.

"Nimefua nguo za watu maisha yangu yote," mama alipenda kuwaambia wauguzi. "Sasa zamu yangu ya kufuliwa."

Wiki iliyopita binti alikwenda kujiandikisha kwa ajili ya kazi. Alidhani daftari la wagonjwa ni la wagonjwa, na la watumishi ni la watumishi. Hakujua kwamba mwaka huu madaftari yote yalikuwa yamemwagwa kwenye chungu kimoja. Aliweka gumba, na kioo kikamletea uso wa mama yake, umetulia, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, umri miaka sitini na saba. Papo hapo mashine ikafunga majalada yote mawili, la mama na la kwake.

Saa saba kibao kikaita mia moja na kumi na nne.

Karani wa dirisha la saba alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Watu wa foleni walimwita Mama Subiri. Alipomwona dobi anakuja akijikokota kwa kushika ukuta, alinyanyuka nusu kwenye kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kufunguliwa."

Binti alieleza kila kitu. Sauti ilimtoka ndogo, ikambidi arudie mara mbili. Karani hakumkatiza. Alivuta mashine ya vidole akaisukuma mbele ya dobi. Walijaribu vidole vyote kumi, cha kwanza mpaka cha mwisho, kisha wakaanza upya. Nyekundu. Dobi akawa anatweta.

"Mama, rudi ukakae," karani alisema. "Sisi tutazungumza."

"Nikikaa mbali mtanisengenya."

"Tutakusengenya kwa mema."

Dobi akajikokota kurudi kwenye benchi. Karani akainamisha kichwa kwenye tundu la kioo.

"Wapo watu wasio na alama," alisema. "Kuna kamati yao. Inakaa kila baada ya miezi mitatu."

"Itakaa tena lini?"

"Ilikaa wiki iliyopita."

Binti alishika ukingo wa dirisha. "Kesho asiposafishwa hafiki hiyo kamati. Daktari kasema. Nakuomba, dada yangu. Mpigie mkuu wako simu, nitamwangukia miguuni."

"Mkuu atakuambia andika barua. Barua inajibiwa na kamati." Karani alivua miwani, akaifuta kwa kanga ya mabegani. "Sikiliza. Hapa kwangu kioo kinaniuliza swali moja tu. Kidole hiki ni cha nani? Nikichagua wewe, jalada la mama linaandikwa udanganyifu na halifunguliwi tena. Nikichagua mama, kadi yake inafunguka dakika hii hii. La kwako linafutwa."

"La kwangu likifutwa, kazi?"

"Unaripoti lini?"

"Ijumaa."

"Asiyemo kwenye daftari hapokelewi. Nafasi anapewa anayefuata."

Binti alifikiria miaka mitatu ya chuo, mama akifua mashuka ya watu mpaka miguu ikaanza kuvimba, na wote wawili wakisema ni uchovu tu. Alifikiria sare nyeupe iliyoning'inia kwenye msumari chumbani. Mama yake ndiye aliyeipiga pasi, mikunjo ya mikono imenyooka kama rula.

"Baadaye naweza kuomba tena?"

"Kidole kikiwa huru."

"Kitakuwa huru lini?"

Macho ya karani yalikwenda mpaka kwenye benchi, yakatua pale alipokaa dobi, yakarudi haraka. Binti naye akawa ameelewa. Alitamani asingeuliza.

"Siruhusiwi kukuchagulia," karani alisema. Akakigeuza kioo chake kidogo, kikamtazama binti, akasogeza mashine karibu. "Naenda kuchukua karatasi kabatini."

Akainuka, akampa mgongo, akasimama mbele ya kabati lililokuwa wazi na karatasi zimejaa tele, bila kugusa hata moja.

Kwenye kioo kulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilikuwa na uso wa mama. Cha pili kilikuwa na uso wake mwenyewe, picha ya wiki iliyopita, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kuajiriwa. Binti aligeuka nyuma. Mama yake alikuwa anajaribu kurudisha kiatu mguuni, mguu unakataa, naye anacheka na jirani yake huku machozi yakimlengalenga.

Akagusa uso wa mama. Akabonyeza gumba. Picha yake ikatoweka kimya kimya.

Karani aliporudi alipiga muhuri bila kumtazama. "Pole," alisema, na neno lile likamwumiza binti kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo.

"Wamesemaje?" mama aliuliza.

"Imefunguliwa."

"Na yako?"

"Wanaishughulikia."

Mama alimtazama usoni. Alimpa mkono, wakatoka wakiwa wameshikana, kiatu kimoja kimebebwa mkononi.

Alhamisi mashine ya kliniki ilikubali. Binti alipobonyeza gumba, alihisi vidole vya mama vikimkaza kifundo cha mkono, laini, bila alama yoyote.

"Karani yule macho yake hayajui kuficha," mama alisema, mirija ikiwa imeshafungwa. "Alivyonitazama nilijua. Ungeniacha, mwanangu. Mimi nimekula chumvi ya kutosha."

"Usiseme hivyo."

"Sasa kila siku ninayoishi naichukua kwako."

"Chukua, mama. Chukua zote."

Mama aligeuza uso ukutani.

Ijumaa binti aliamshwa na sauti ya maji. Jua lilikuwa limeshachomoza. Uani, mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imepungua kidogo, beseni mbele yake. Ndani ya povu ilikuwa ile sare nyeupe.

"Mama, haijavaliwa hiyo."

"Najua. Nyeupe ikikaa msumarini bila kuvaliwa inageuka njano. Nitakuwa naifua kila Ijumaa. Siku ukiihitaji uikute safi."

Alisema huku anasugua kola, hakuinua kichwa. Siku hiyo itakuwa siku gani, wote wawili walijua. Binti alisimama mlangoni. Kisha akavuta ndoo ya pili, akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akapokea mkono mmoja wa sare na kuanza kuusuuza.