Neno Lililoshonwa Shingoni

Jamani, mimi siamini mizimu, na niliwaambia hivyo hata waombolezaji. Lakini zile nyayo nilizisikia. Kila alasiri, muda ambao binti wa mdogo wangu alizoea kurudi kutoka mazoezini, miguu peku ilipita mbio kwenye korido ya nyuma ya duka letu la dobi, pu pu pu pu, ikaishia kwenye mlango wa uani. Mara ya kwanza nilitoka na pasi mkononi, nimefura kwa hasira, nikidhani watoto wa jirani wanatuchezea. Korido ilikuwa tupu.

Shuleni walimwita Fasti kwa ajili ya mbio zake, na nyumbani nasi tukalidaka jina hilo. Siku ile alivuka barabara akikimbia kama kawaida yake, na lori nalo lilikuwa na haraka zake.

Tangu tumzike, mama yake hakubanduka kwenye chumba chao nyuma ya duka. Alikaa kwenye kiti kinachotazama korido, jezi ya mtoto mapajani, akisubiri alasiri. Chakula alikidonoa tu. Alikuwa amekwisha, amebaki mifupa na macho, na mimi niliogopa mno. Chumba nyumbani kwangu nilishamwandalia, shuka nimetandika, nikawa nambembeleza ahame kabla sijamzika na yeye.

"Nikiondoka, akipita atamkuta nani?"

"Mdogo wangu, aliyekufa hapiti!"

"Mbona ukimsikia unazima redio, dada?"

Nikarudi kwenye pasi yangu.

Jezi yenyewe ilikuwa nyekundu, inanuka jasho na vumbi la uwanjani, na kwapani imeanza kuota ukungu. Nilitaka kuifua. Akakataa katakata, akanionyesha lebo ya shingoni, imeandikwa fast colour.

"Jina lake hili. Kiingereza changu cha kuombea maji, lakini fast si haraka? Rangi inatoka haraka. Ukiitia majini itachuja, na yeye ataondoka nayo."

Lebo sizisomi mimi. Nguo nikiitilia shaka nalowesha pindo, nalisugua kwenye kitambaa cheupe, basi. Ila hata pindo hakutaka niliguse.

Basi akaja mwalimu wa Kiingereza kuchukua mashati yake. Nikamuuliza pale pale kaunta, makusudi kwa sauti kubwa, mlango wa nyuma ukiwa wazi.

"Hapo si haraka," alisema. "Mkimbiaji akiwa fast, ana kasi. Rangi ikiwa fast, imeshika, haitoki ng'o. Mlango ukikazwa barabara, ni fast. Mtu akilala fofofo, fast asleep, hata umwite vipi."

"Waingereza nao! Neno lile lile likimbie, lile lile ligande?"

Akacheka. "Ndiyo hivyo, mama. Inategemea limekaa na nini."

Mdogo wangu alikuwa ameshafika mlangoni, amejishikiza ukutani. "Haitoki?"

"Haitoki, mama."

Alinigeukia, akanikabidhi jezi. "Ifue. Kesho nahamia kwako."

Kidogo nimbusu mwalimu wa watu. Niliifua kwa mkono, maji baridi, sabuni kiasi. Kwenye beseni likabaki tope la uwanja, hakuna wekundu hata tone. Nilipoianika nililia, kisha nikacheka peke yangu, maana niliona mdogo wangu amepona.

Kesho yake gari la kukodi lilikuwa nje, mizigo imepakiwa. Aliomba akae kidogo kwenye kiti chake, asikilize mara ya mwisho. Nikamwachia, roho upande.

Nyayo zikaja, pu pu pu pu. Lakini safari hii hazikufika uani. Zilikatika mbele ya mlango wa chumba, hapo hapo, na baada yake nikasikia mtu anahema, kama mtoto aliyetoka kukimbia akasimama. Kuhema kukatulia taratibu.

"Twende," nilisema. "Twende sasa hivi!"

Mdogo wangu alikuwa anatabasamu kuelekea mlangoni. Tangu msiba sikuwa nimeliona hilo tabasamu, na wallahi liliniogopesha kuliko zile nyayo.

"Siku zote nilimwita kwa maana ya kukimbia," alisema, "ndiyo maana alikuwa anapita tu. Leo nimemwita kwa ile nyingine, ya mwalimu."

"Ipi? Wewe, umefanya nini?"

"Nenda, dada. Sisi tupo."

Dereva alipiga honi. Nikamshika mkono mdogo wangu, huo mkono uliobaki kijiti, nikamvuta. Nikaweka mguu ukutani, nikavuta kwa nguvu zangu zote, mimi ninayebeba mablanketi yaliyolowa kila siku. Hakusogea ng'o. Hata kiti hakikulia.