Shokapu ya Mtu Mwepesi

Nyuma ya ghala la saruji, mahali pasipopita watu, Unyoya alishuka kwenye baiskeli, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, kisha akakisukuma kipete cha mpira kwa kidole gumba mpaka juu kabisa. Akapangusa kidole kwenye kaptula, akaendelea na safari ya kwenda kwa mjomba wake.

Kipete hicho kilivishwa kwenye bomba la shokapu ya mbele. Gurudumu likigonga jiwe, shokapu hubonyea na kukipandisha. Shokapu ikirudi, kipete hubaki pale pale kilipofikishwa, mithili ya shahidi. Mpandaji mzito hukifikisha juu. Unyoya, ambaye jina hilo hakupewa kwa utani mtupu, hakuwahi kukivusha nusu.

Siku ya kwanza Mjomba alipokikuta nusu, ishara kwamba nusu ya shokapu yake haifanyi kazi, uso ulimshuka. Alikuwa amemaliza ujana wake akifunga springi za malori, na alipostaafu aliiunda baiskeli hiyo kwa mikono yake, kipande kwa kipande, kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Jioni ile hakugusa chakula. "Labda nimekwisha," alimwambia mkewe, na Unyoya akasikia. Tangu hapo kidole gumba kikaanza kazi.

Ubaya ni kwamba Mjomba alimwamini shahidi yule. Akiona kipete kiko juu, alijua shokapu imebonyea mpaka ikagota, kwa hiyo ni laini mno. Akaijaza upepo zaidi ili iwe ngumu. Akakaza na skrubu ya chini, ile inayoizuia shokapu isirudi kwa kishindo. Safari iliyofuata kipete kiko juu tena, naye akaongeza tena. Kadiri alivyoongeza ndivyo Unyoya alivyozidi kutetemeshwa kwenye mawe, utadhani ameshika mashine ya kuvunjia lami. Mikono ilikufa ganzi, vidole vikawa vinakimbilia breki vyenyewe.

Siku hiyo ya ghala, kabla Unyoya hajaianza safari, kocha wa timu ya baiskeli hakupindisha maneno. "Jumamosi nachagua timu. Ukishika breki tena kwenye mteremko wa mawe, nafasi yako nampa mwingine. Na habari za uzito sitaki kuzisikia."

Unyoya alipofika, Mjomba alikuwa amekwisha kuandaa pampu. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba, spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake, sakafu imefagiliwa kushinda sebule.

"Haya, shujaa wangu, leo nayo imegota?" Akainama, akakiona kipete. "Angalia! Mtoto mwepesi kama karatasi, lakini anaipiga shokapu mpaka inaomba msamaha."

"Mwache mtoto ale kwanza," alisema mkaza mjomba, aliyesimama mlangoni na sahani mkononi. "Wewe unamlisha upepo tu."

"Upepo ndio anaohitaji, mke wangu. Akishiba vyakula vyako mlima ataupandaje?"

Unyoya aliipokea sahani. Kijiko kikamponyoka, kikalia sakafuni. Vidole havikuwa na nguvu ya kukishika. Mkaza mjomba akakiokota, akamtazama usoni. Mjomba hakuona. Alikuwa akifunga pampu kwenye vali.

Unyoya akapiga moyo konde. "Usiongeze, Mjomba."

"Kwa nini?"

"Kipete nakipandisha mimi. Kwa kidole."

Mkono wa Mjomba ukasimama juu ya pampu. "Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliyokataa kula."

"Kwa hiyo muda wote huu nafunga, nafungua, mtu mzima na akili zangu, kumbe napima kidole?"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma!" Neno hilo lilimchoma kuliko uongo wenyewe. "Huruma nani kakuomba? Mimi nilikuomba habari za shokapu."

Mkaza mjomba alicheka, akaziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Mjomba akamkata jicho, naye akajiondokea.

Mjomba akakishusha kipete mpaka chini, akasema, "Panda. Ruka nayo kutoka kwenye ngazi ya mlangoni." Unyoya akaruka. Kipete kilisogea kidogo tu, kikagoma.

Mjomba akatoa upepo kidogo kidogo, huku mpwa wake amekaa juu ya baiskeli, mpaka shokapu ikaanza kuzama chini ya uzito ule mdogo. Akaibonyeza, akaiachia. Ilirudi polepole, kama mzee mwenye goti bovu anapoinuka kitini. Akailegeza ile skrubu mpaka mwisho wake, bado nzito. Jiwe la pili lingeikuta haijainuka kutoka jiwe la kwanza.

"Oili hii ni ya mtu kama mimi," alisema, akikipiga kitambi chake. "Upepo wako mdogo hauwezi kuisukuma."

Akafungua mguu wa shokapu, akamwaga oili, akatoa washa moja nyembamba ya chuma kati ya zile zinazobana njia ya oili, akajaza oili nyepesi. Alipomaliza, alisema bila kuinua macho: "Utakuja kuniambia mikono yako imesikia nini. Ukinidanganya tena, tafuta fundi mwingine."

Jumamosi Mjomba alisimama chini ya mteremko, suruali imenyooshwa pasi. Unyoya aliteremka juu ya mawe, vidole vyote vimeushika usukani, breki hakuigusa. Kocha akamwita upande wa waliochaguliwa. Wenzake wakamzunguka Mjomba, wakimgonga mgongoni.

"Mzee, hiyo si baiskeli, ni godoro!"

Mjomba akavimba kifua. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Ni kweli?"

Wote walikuwa wanamtazama. Kuitikia kwa kichwa kungetosha.

"Huko juu ni nzuri sana," Unyoya alisema. "Ila chini, kwenye mawe makubwa, inarudi haraka mno. Inanirusha."

Mjomba alipiga goti vumbini, suruali na pasi yake, akashika skrubu, lakini hakuizungusha.

"Inakurusha mikono," aliuliza, "au mwili mzima?"