Kiganja Ndani ya Sinia

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika nyumba moja ya Kibokoni, Mwende, mfanyakazi wa ndani, alikuwa akisugua sinia kwa sabuni ya maji ya kijani, ile ya mtungi wa plastiki inayonukia malimau yasiyowahi kuwa mtini. Mistari ya viganja vyake ikabanduka, ikaelea juu ya povu, kisha ikatua kwenye sinia na kuganda. Alisugua tena. Haikutoka, basi akalisimamisha sinia ukutani likauke.

Wenye nyumba ni Mabohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi, na sinia lao ni moja: jamaa wote hulizunguka, huonja chumvi kwanza, ndipo wakala. Jioni hiyo Abdeali, baba mwenye nyumba, alisogeza wali akaona alama ya dole gumba. Akasogeza nyama, akaona kiganja kizima. Alisema nyama imeiva vizuri, akaendelea kula.

Mkewe, Shahnaz, alimwita Mwende wakalinganisha alama na viganja. Mikono ya Mwende ilikuwa laini kama yai lililomenywa. Mwende akaona bora aseme yote. Kitambulisho chake kilipotea, na askari akikusimamisha huna kitambulisho, wewe si mtu. Mashine ya alama za vidole katika ofisi ya vitambulisho ilianza kumkataa hata kabla mistari haijabanduka.

"Mama, naomba sabuni isiyokula mikono," alisema.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Shahnaz ana huruma. Alimpa pole, akazunguka madukani siku nzima. Hii manukato yake makali, hii chupa yake itaishia baharini, ile yaitwa ya asili na imevishwa plastiki juu ya plastiki. Mwishowe alichagua mche wa sabuni ya mafuta ya nazi uliofungwa kwa karatasi, na dodoki badala ya sponji. Povu lake lilikuwa dogo, lakini vyombo vilitakata na mikono haikuwasha.

Kila Mwende alipoosha, mstari mmoja ulijikongoja kutoka kwenye sinia, ukapanda kidoleni na kulala mahali pake. Kidole kidogo cha kushoto kilikamilika kwanza. Alifurahi sana, akakifumbata njia nzima hadi kwake Tononoka, kisije kikapotea.

Kumbe wageni walikuwa wameshalipenda lile sinia. Walisema nakshi yake haipatikani popote, na chakula chake kina ladha ya mtu. Shahnaz aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona pembeni pameanza kufutika.

"Mwende, sabuni hii ni ya upole mno," alisema. "Sinia lapoteza nakshi."

Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kumpa pole. Akaurudisha mtungi wa kijani karoni. Ule mche hakuutupa, kwani hapendi taka. Aliuweka kwenye kisahani cha wageni. Ukilisikia hili unastuka, na ni haki yako. Mwende aliitikia, "Haya, mama," akafungua mtungi.

Kule ofisini mashine ilikitambua kidole kimoja. Karani alimwambia kwa adabu arudi na vile vingine.

Ijumaa wageni walikuja. Mwende alishika birika, akawamiminia maji mmoja mmoja huku wakinawa kwa sabuni ya nazi. Walisifu jinsi isivyochubua ngozi. Kisha wakaonja chumvi, wakala katika kiganja chake mpaka kikaonekana chote.