Jua la Kwenye Picha

Curtis Hegland alikwenda kwa akina Niemi asubuhi moja ya Januari kupiga picha. Jiko alilowakarabatia lilikuwa limekwisha tangu majani yalipopukutika, naye alitaka kuwaonyesha wateja wapya picha mbili ubavu kwa ubavu: ile iliyotengenezwa na kompyuta kabla ya kazi, na jiko lenyewe. Mafundi wa ukarabati wamejaa mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, na Curtis alikuwa amechoka kunyang'anywa kazi na watu wasiojua hata kupiga msumari, ila wana picha nzuri.

Ndiyo sababu aliichagua ile programu ya kuchorea picha hizo. Dada yake Bev, anayeendesha ofisi yao, alimletea mbili azijaribu. Ya kwanza ilichora mistari mitupu na kuuliza maswali kama karani wa mahakama: ukuta huu umebeba nini, bomba linapita wapi, kaskazini ni upande gani. Ya pili haikuuliza kitu. Ulibofya, ukuta ukaondoka. Ukabofya tena, jua likamwagika mezani kama samli.

"Tunachukua hii," Curtis alisema.

"Na hilo jua imelitoa wapi? Hata hujaiambia nyumba imeelekea wapi."

"Bev, wateja hawanunui mshale wa kaskazini."

"Haya kaka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe kitembeze tu."

Akakitembeza mpaka kwa akina Niemi. Mzee Orville alikuwa amepata kiharusi, mguu mmoja haumtii tena, na barafu ikishatanda hawezi kutoka nje. Mkewe Lorraine alitaka kitu kimoja tu kwenye jiko jipya: mahali pa kumkalisha mume wake aote jua majira ya baridi. Curtis akawafungulia kompyuta. Benchi la mbao chini ya dirisha kubwa, na jua limelala juu yake lote. Lorraine alijiziba mdomo akalia.

"Hata Januari?" Orville aliuliza.

"Kompyuta haikosei, Orville."

Mzee akamsogezea kikombe cha kahawa. Watu wa kule hawambishii mtu anayekunywa kahawa mezani pao. Tena ilikuwa Juni, na Juni jua la kule huchomoza limezunguka mno kuelekea kaskazini, hata dirisha la upande huo hupata lake asubuhi. Curtis alizaliwa mji huohuo. Angefikiri kidogo tu angejua kwamba jiko lile limeupa kisogo upande wa kusini, linakopita jua la baridi, na kwamba baridi ikija halitaona hata mwale. Hakufikiri. Alikuwa anaitazama picha, kama wao.

Sasa alisimama katikati ya jiko hilo, kamera mkononi. Dirisha lilikuwa kubwa, na nje yake kulikuwa na theluji yenye kivuli cha nyumba. Aliwasha taa zote. Akapiga picha, akaitazama, akaifuta. Benchi halikuwa na mtu; juu yake palikuwa na gazeti na glavu za Lorraine.

"Orville yuko wapi?"

"Yupo, hayuko mbali," Lorraine alisema, akimimina kahawa. "Jiko zuri sana hili, Curtis. Makabati yanafunga kimya, hata paka hashtuki."

Akiwa njiani kwenda kunawa mikono, Curtis alipita mlango wa chumba cha kufulia, akamwona. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kukunja, kabanwa kati ya kapu la nguo na mashine, blanketi magotini, uso kauinua kuelekea kidirisha cha upande wa kusini. Jua lilikuwa limemkaa kidevuni.

"Ala, Curtis! Umenifuma. Nilikuja kupiga soga na soksi."

"Unakaa huku kila siku?"

"Huku kuna joto. Hizi mashine zinatoa joto sana." Akaipigapiga iliyo karibu naye. Ilikuwa imezimwa.

Curtis alitamani mzee amtukane. Mtu akikutukana unajua pa kushika, lakini mzee huyu alikuwa anamfichia aibu yake kama anayemfunika mtoto shuka. Masikio yake yaliwaka moto. Akarudi jikoni bila kunawa.

"Bi Lorraine, nimewakosea. Nitazihamishia mashine za kufulia chumba cha chini, niwawekee benchi kule kwenye jua. Bure kabisa."

"Wala hujatukosea. Usijisumbue."

"Si usumbufu."

"Una wateja wengine, Curtis. Sisi tuko vizuri tu."

Curtis alikuwa ameahidi mara mbili. Kule ahadi ya kwanza ni salamu, ya pili ni adabu, na anayeishia hapo hakukusudia kitu, wala hakuna atakayemlaumu. Lorraine alikuwa tayari anamfunikia sinia ya keki ya limau, ya kwenda nayo. Curtis aliipokea, ingali na joto. Alifikiria kubomoa sakafu kwa ajili ya bomba, katikati ya baridi, na wateja wanaomngoja. Akavaa koti. Akashukuru. Na nafuu aliyoisikia alipougusa mlango ndiyo iliyomtia aibu kuliko yote: alikuwa anakimbia, na walikuwa wanamshikia mlango.

Akaiweka sinia chini, juu ya zulia la viatu.

"Bi Lorraine, dirisha lile nililiweka kaskazini nikawaambia litaleta jua. Mzee aliniuliza, nikamnyamazisha. Jumatatu nakuja na vifaa vyangu. Naomba mniruhusu."

Lorraine alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Basi," alisema, "kama haitakusumbua."

Akaenda kwenye benchi la jikoni, akaondoa gazeti na glavu, akafunua kifuniko cha sanduku lake, akatoa mto mrefu wa bluu ambao Curtis hakuwahi kuuona. Akaubeba hadi chumba cha kufulia na kuutandaza juu ya mashine zote mbili, chini ya kidirisha. Ulienea barabara, ukuta hadi ukuta.

"Niliushona Novemba," alisema, bila kumtazama. "Nikamwambia Orville, tumpe muda tu, Curtis atasema."