Fundo la Pili

Injini huogeshwa kama mtoto mchanga. Unaanza ikiwa imepoa, unaiziba masikio yasiingie maji, wala huifyatulii bomba kana kwamba unazima moto. Wale wa pampu za kelele kule barabarani hawanisikii. Magari yao yanaondoka yanameta, kesho yake yanarudi yakivutwa kwa kamba. Mimi wateja wananiita Mama Povu, na sijawahi kurudishiwa gari. Najivuna, sikatai.

Siku hiyo gari lilikuwa la binti yangu, mwanangu wa pekee. Alikuwa amepata kazi ya ukunga katika hospitali ya mbali. Alitakiwa aondoke alasiri ileile, alale njiani kwa shangazi yake, aripoti kesho asubuhi. Asiporipoti, nafasi angepewa mwingine. Walimwambia hivyo bila kupepesa macho. Akaniomba nimsafishie injini kwanza. Nilijua anapoteza muda tu. Sikumwambia, kwa kuwa na mimi nilitaka upotee.

Mtaa mzima ulikuwa umesinzia. Mapazia yalining'inia bila kutikisika, na jua liliingia bandani kwa mstari mmoja mrefu uliojaa vumbi. Nilifungua boneti, nikachomoa waya wa hasi wa betri. Nikachukua mifuko ya nailoni: mmoja nikauvika kisanduku cha fyuzi, mmoja mdomo wa kuvutia hewa, na ule mkubwa ulikuwa wa altaneta, ile inayochaji betri. Altaneta ikinywa maji, gari haliendi popote.

Hapo mkono wangu ukasita. Nilisikia, kama mtu anayeota, sauti yangu mwenyewe ikisema: acha wazi. Maji kidogo tu. Gari ligome, nafasi ipotee, mtoto abaki. Nani atajua? Nilisimama nimeushika ule mfuko sijui kwa muda gani, nikimwona akiwa mdogo ndani ya beseni, akipiga maji kwa viganja na kunilowesha mpaka nywele. Halafu nikaufunga. Fundo moja, la kukaza, lile ambalo hata wanaume wenye mikono ya chuma huomba kisu. Nilijikaza kisabuni, maana sabuni ndiyo niliyokuwa nayo.

Nikapuliza dawa ya kukata grisi kutoka chini kwenda juu, nikasugua pembeni kwa mswaki wa zamani kabla haijakauka. Povu likageuka kahawia, likashuka taratibu, likadondoka sakafuni. Nikaenda bombani nyuma ya nyumba kuteka maji ya kusuuzia.

Niliporudi, mfuko wa altaneta ulikuwa chini, kando ya gurudumu.

Binti yangu alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la safari, akitazama angani, amejitia hamnazo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi.

"Upepo wa leo una vidole," nikasema.

Akavificha kwenye sketi. "Mama, mwaga tu maji. Yaingie."

"Yaingie wapi?"

"Humo humo. Naogopa. Chuoni kulikuwa na mwalimu nyuma yangu. Kule mtoto akikataa kutoka, wote watanitazama mimi. Na wewe hapa utaongea na nani? Na mabeseni?"

"Mabeseni hayanijibu jeuri kama wewe."

Akacheka, halafu kicheko kikamgeukia kilio. Nikabaki nimesimama na ndoo. Nilikuwa nimepewa nilichokitaka, tena kwa mkono usio wangu. Ningemwaga tu, na angenishukuru. Nasema kweli, moyo wangu uliruka kwa furaha.

Nikauokota ule mfuko, nikatafuta mahali ulipochanika. Haukuwa umechanika hata kidogo.

"Fundo umelifunguaje?" nikamuuliza. "Huko nyuma ya altaneta hakuonekani."

"Kwa kupapasa."

"Bila kisu?"

"Bila kisu. Nililisikiliza tu kwa vidole mpaka likaachia."

Furaha yangu yote ikaisha palepale. Nikaketi karibu naye kwenye lile sanduku, likalia kwa uzito wetu.

"Basi na mtoto utampokea hivyo hivyo, mama," nikamwambia. "Maji ukiyavulia nguo..."

"Huna budi kuyaoga," akamalizia, akifuta kamasi kwa mkono, grisi ikampaka pua nzima.

Safari hii alinishikia pembe za mfuko. Nikapiga fundo, na juu yake nikapiga la pili. Nikasuuza kwa maji machache, pole pole, nikakausha kwa kitambaa kila kona, kisha nikapaka dawa ya kung'arisha kwenye plastiki na mipira. Mkanda wa injini sikuugusa, ukiteleza ni balaa. Nilipaka taratibu kuliko inavyotakiwa, kama nilivyokuwa nikimpaka yeye mafuta baada ya kuoga, na yeye alisimama kando yangu bila kunihimiza. Ilipokauka kabisa nikafungua mifuko, nikarudisha waya wa betri.

"Washa," nikasema.

Akaingia, akashika ufunguo, akachungulia dirishani kunitazama. Nilijua anachoomba, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiomba: igome. Mara moja tu, igome yenyewe, bila mkono wa mtu.

Ikawaka palepale, laini, bila hata kukohoa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliichukia kwa moyo wangu wote.

"Imewaka," akasema.

"Imewaka, mwanangu," nikamjibu, nikashusha boneti. "Nenda. Hujachelewa."