Nyumba Zilipopanda Mizani

Jana usiku, mwenzenu, ndotoni nimeziona nyumba za Mtaa wa Jineri zimepanga foleni kupimwa uzito.

Mtaa huo umezaliwa na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, na ndiko bibi yangu Kwandu alikonilea. Sasa sheria imetoka: nyumba nzito inabaki. Nyepesi inashindiliwa robota kama pamba, inapakiwa kwenye lori.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Limbu. Tunafuata sisi," anasema dirishani, anachambua mchicha.

Mbele yetu nyumba ya Mzee Luhende inajikokota. Maji yanachuruzika chini ya mlango.

"Umekunywa maji wewe?" mizani inauliza.

"Jasho tu, mkubwa."

Nyumba inacheua. Mchanga unamwagika.

"Na hilo nalo jasho?"

Mzee Luhende anatoka na kiti chake, anaigombeza nyumba. "Si nilikwambia mchanga kidogo!"

Inashindiliwa robota.

Nyumba yetu inaninong'oneza, "Limbu, nipe hata ndoo moja."

"Thubutu!" bibi anafoka. "Marehemu babu yako hakuwahi kulowesha pamba ili ipime zaidi, wewe ndo uanze?"

Nageuka, kumbe tupo ndani ya kiwanda. Nyumba inapanda mizani. Mshale hata hautikisiki.

"Humu yumo nani?"

"Mimi na kuku wangu."

"Wengine?"

"Wako mjini, wanatafuta maisha."

"Nyepesi," mizani inasema. Chuma cha kushindilia kinaanza kushuka, bati linalia. Mimi nipo nje, narekodi kwa simu.

"Limbu! Yaani unanipiga picha nikifungwa robota?"

Natumbukia ndani kupitia dirisha. Mshale unasogea kidogo, unasimama.

"Huyo mgeni hahesabiwi," mizani inasema. "Analala humu?"

Bibi ananitazama. Kuku wananitazama. Chuma kimeshagusa paa.

"Nalala," nasema.

Mshale unaruka mpaka mwisho. Sakafu inatitia chini yangu.

"Imebaki. Inayofuata!"

Nimeamka kwenye chumba changu cha kupanga, Dar, simu inaita. Bibi.

"Umeamkaje, baba? Mwenzio nimetokea mlango wa uani, wa mbele umekwama. Fundi kaja, anasema nyumba imetitia usiku."

"Imetitia wapi, bibi?"

"Chumba chako. Kidogo tu, kama vile mtu kalala."

Nikaketi kitandani.

"Shuka nimeshabadilisha," akasema, akakata.